Kufundisha stadi za kazi na maisha ndani ya vipindi vya kawaida: mwongozo kwa mwalimu wa sekondari

Mwanafunzi anaweza kuandika kwa usahihi kabisa maana ya mawasiliano, aina zake na vikwazo vyake, akapata alama zote katika mtihani, kisha akashindwa kumpigia simu mtu asiyemfahamu ili kumwuliza kama nafasi ya kazi iliyotangazwa bado ipo. Nililishuhudia hilo katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha stadi za maisha. Nilikuwa nimesoma maelezo kwa imla, wanafunzi wakanakili, na mtihani ukaenda vizuri. Siku nilipowaomba wanafunzi watatu wampigie mgeni tuliyemwalika ili kuthibitisha saa ya kufika kwake, simu ilizunguka mikononi mwao kama kaa la moto, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Kosa lilikuwa langu. Stadi ni tendo, na tendo hufundishwa kwa kutendwa, kurekebishwa na kutendwa tena. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo, na zinachukulia kwamba huna kipindi cha ziada kwenye ratiba, kwa sababu walimu wengi hawana na hawatakipata hivi karibuni.

Hatua ya kwanza: chagua stadi chache na uzitaje kama vitendo

Orodha za stadi hazijawahi kuadimika. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za msingi za maisha: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana, kuhusiana na watu, kujitambua, kuzielewa hisia za wengine, kuzimudu hisia zako na kukabiliana na msongo. Mwaka 1991 tume iliyoundwa na Wizara ya Kazi ya Marekani nayo ilieleza umahiri ambao kazi inaudai kutoka kwa kijana anayetoka shule, ikaugawa katika maeneo matano: kutumia rasilimali, kushirikiana na watu, kushughulikia taarifa, kuelewa mifumo na kutumia teknolojia. Orodha ya kwanza ilitoka kwa watu wa afya na ya pili kwa watu wa ajira, na bado zote mbili zinakutana mahali pamoja, yaani katika namna mtu anavyoishi na kufanya kazi na wenzake. Ndiyo maana sioni haja ya kuzitenganisha stadi za kazi na stadi za maisha darasani. Kijana anayejua kumwambia rafiki “hapana” bila kugombana naye yuko karibu sana na kujua kumwambia hivyo msimamizi wake.

Tatizo la orodha hizo ni kwamba zinataja sifa, na sifa haiwezi kufanyiwa mazoezi. Huwezi kumwambia mtoto “kuwa mwajibikaji” akajua aanze na nini Jumatatu asubuhi. Chukua kila sifa uiulize: mtu aliye nayo hufanya nini ambacho mwingine anaweza kukiona au kukisikia? Uwajibikaji unaweza kuwa “anatoa taarifa kazi inapokwama, kabla siku ya kuiwasilisha haijafika.” Kusikiliza kunaweza kuwa “anarudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuanza kazi.” Kufikiri kwa kina kunaweza kuwa “anauliza taarifa imetoka wapi kabla ya kuipeleka kwa mwingine.” Vitendo vinne au vitano vya aina hiyo vinatosha kwa muhula mzima. Vizidi hapo, hakuna kitakachorudiwa mara za kutosha hadi kikawa mazoea.

Hatua ya pili: kipachike kitendo ndani ya somo unalolifundisha

Kila somo lina mahali ambapo kitendo kinaingia bila kulazimishwa. Maabara ni mahali pa kazi tayari: ina kanuni za usalama, vifaa vya kugawana, maelekezo ya kufuatwa kwa mpangilio na kumbukumbu zinazopaswa kuandikwa wakati uleule jambo linapotokea, si jioni kwa kukumbuka. Somo la lugha lina barua, taarifa na kumbukumbu za vikao. Historia inamzoesha mwanafunzi kuuliza nani alisema, lini, na kwa faida ya nani.

Kazi za vikundi ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa katika vikundi vingi wawili hufanya kazi na watatu hutia majina. Dawa ninayoiamini ni ile aliyoianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule zilizokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa asili mbalimbali na ambamo uhasama ulikuwa mkubwa. Somo hukatwa vipande, na kila mwanakikundi hupewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana. Wote waliopewa kipande kinachofanana kutoka vikundi mbalimbali hukutana kwanza, wakakisoma na kukielewa pamoja, kisha kila mmoja hurudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wengine. Mwishoni kila mtu hufanya jaribio la somo zima, akiwa peke yake. Mwanafunzi mkimya hawezi kupuuzwa, kwa sababu bila yeye wenzake wanakosa kipande. Naye mjuaji hulazimika kunyamaza asikilize. Mwalimu hahitaji kuhubiri ushirikiano hata mara moja.

Andika kitendo cha wiki kwenye kona ya ubao, kikae hapo, na kitajwe kwenye andalio la somo pamoja na malengo mengine. Kisipoandikwa, mwalimu ndiye wa kwanza kukisahau.

Hatua ya tatu: onyesha kabla ya kudai

Wengi wetu huwaambia wanafunzi waandike ujumbe wa heshima kwa mwajiri, kisha tukashangaa wanapoandika kama wanavyowaandikia marafiki zao. Hawajawahi kuuona ujumbe wa namna hiyo, na pengine hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuuandika.

Kwa simu, mimi huanza kwa kuharibu makusudi mbele ya darasa: “Haloo, eti ile kazi bado ipo?” Wanafunzi hucheka, halafu huulizwa ni mambo gani ambayo anayepokea hajayajua. Hajui nani anapiga, kazi ipi inaulizwa, wala kama wakati huu unamfaa kuzungumza. Kisha nafanya tena: “Habari za asubuhi. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Napiga kuhusu nafasi ya msaidizi wa stoo mliyoitangaza. Je, naweza kukuuliza mambo mawili sasa, au nipige baadaye?” Hapo ndipo wanafunzi huona kwamba ustadi huu una viungo vyake: kusalimia, kujitambulisha, kutaja shabaha na kuheshimu muda wa mwenzako. Wanaziandika sehemu hizo nne kwenye kikaratasi na kukitazama wanapofanya mazoezi. Wakishazizoea, kikaratasi huondolewa.

Fanya hivyohivyo kwa taarifa ya kazi iliyokwama, ambayo kwa maoni yangu ndiyo stadi ya kazi inayopuuzwa kuliko zote shuleni. Ujumbe wa kawaida wa mwanafunzi ni “Samahani mwalimu, hatujamaliza.” Linganisha na huu: “Mwalimu, ripoti yetu haitakuwa tayari Ijumaa. Tumemaliza vipimo vitatu kati ya vitano, na kipimajoto chetu kilivunjika Jumanne. Tunaomba kutumia cha kundi la pili Alhamisi mchana, na tutawasilisha Jumatatu asubuhi.” Ujumbe wa pili una jambo lenyewe, hali ilivyo sasa na pendekezo la njia ya kutokea. Ukitaka wanafunzi waandike hivyo, ni lazima nawe uupokee vizuri. Mwalimu anayemfokea aliyetoa taarifa mapema kwa ukali uleule anaomfokea aliyenyamaza anawafundisha wote wawili kunyamaza.

Hatua ya nne: igizo dhima lenye upinzani ndani yake

Maigizo mengi ya darasani hayafundishi kitu kwa sababu kila mhusika yuko tayari kukubali. Msaili anatabasamu, mwombaji anajibu, darasa linapiga makofi. Maisha hayako hivyo, na wanafunzi wanalijua hilo.

Wagawe watatu watatu. Mmoja anatenda, wa pili anampinga, wa tatu anatazama. Anayepinga hupewa kadi ambayo mwenzake haioni. Kwa mfano, mtendaji anajua tu kwamba ni kijana aliye kazini wiki ya pili na kwamba leo lazima aondoke saa kumi na moja jioni kwa sababu ana mtihani kesho. Kadi ya mpinzani inasema: “Wewe ni msimamizi. Mzigo umechelewa, unamhitaji abaki. Mwambie kwamba wenzake wote wamekubali. Akikuomba radhi tu, endelea kumshinikiza. Akikupa njia nyingine, kama kuja mapema kesho kutwa, mkubalie.” Mtazamaji ana maswali mawili pekee ya kujibu kwa maandishi: alisema maneno gani hasa wakati wa kukataa, na alifanya nini baada ya kushinikizwa mara ya pili?

Dakika tatu za igizo zinatosha. Baada yake, mtazamaji husoma alichokiandika bila kuhukumu, mtendaji husema alichokihisi, na kundi hujadili kwa dakika mbili kingefanyika nini tofauti. Kisha watu walewale hurudia igizo lilelile papo hapo. Marudio haya ndiyo moyo wa shughuli yote. Mtaalamu wa elimu David Kolb, katika maelezo yake ya mwaka 1984 kuhusu kujifunza kwa uzoefu, alichora mzunguko wenye sehemu nne: kupitia jambo, kulitafakari, kutoa kanuni kutokana nalo na kuijaribu kanuni hiyo katika jambo jingine. Darasani sehemu ya nne ndiyo inayokatwa na kengele, na mwanafunzi huondoka akijua alikosea wapi bila kuwahi kupatia. Ni afadhali uandae kisa kimoja na kukirudia mara mbili kuliko visa vitatu vya mkupuo mmoja.

Usimlazimishe mwanafunzi kuigiza jambo linalofanana na jeraha lake, na usiwakusanye wote kumtazama mmoja. Makundi ya watatu yanayofanya kazi kwa wakati mmoja hupiga kelele, lakini humwondolea mwenye haya macho ya watu arobaini. Kisa cha kukataa kinaweza kubadilishwa baadaye: kukataa kunakili kazi ya mwenzako, kukataa kupanda gari na dereva aliyelewa, kumwambia mwenzako wa kazi kwamba maneno yake yanakuudhi.

Hatua ya tano: fedha zihesabiwe kwa karatasi halisi

Hapa mwalimu wa hisabati ana nafasi ambayo wengine hawana. Chora hati ya mshahara ubaoni, kwa fedha yoyote ile: mshahara kabla ya makato 1,000, makato ya kodi asilimia 12, mchango wa hifadhi ya jamii asilimia 8. Uliza kijana huyu ataondoka na kiasi gani. Atabaki na 800, na mara nyingi hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi kugundua kwamba kiasi alichoahidiwa mtu na kiasi kinachomfikia mkononi si kitu kimoja. Kisha toa hati ya pili yenye kosa, kwa mfano saa sita za ziada zilizofanywa lakini hazikuandikwa, na uwaache walitafute. Atakayeliona aandike ujumbe wa kuuliza kwa adabu, kwa zile sehemu za hatua ya tatu.

Kuhusu mikopo, usianze na fomula. Sema hivi: mtu amekopa 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba inaongezwa kwenye deni kila mwezi, naye hajalipa chochote kwa mwaka mzima, anadaiwa kiasi gani? Wengi watazidisha 10 kwa 12, wakapata asilimia 120, na kujibu 2,200. Waache wahesabu mwezi kwa mwezi kwenye daftari: 1,100, kisha 1,210, kisha 1,331. Kufikia mwezi wa kumi na mbili deni ni takriban 3,138. Kimya kinachofuata ni kizuri kwa mwalimu. Baada ya hapo wape njia ya mkato inayotumiwa na watu wa fedha: gawa 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban idadi ya vipindi ambavyo deni litahitaji ili liwe maradufu. Kwa asilimia 10 ni kama miezi saba na kitu. Hesabu hiyohiyo huwaonyesha namna akiba inavyokua, ila kwa kasi ndogo zaidi. Akiba yenye faida ya asilimia 6 kwa mwaka huchukua takriban miaka 12 kuwa maradufu.

Hatua ya sita: lipe darasa kazi ya kweli

Kila baada ya wiki mbili, toa dakika ishirini za kikao cha darasa chenye mwenyekiti, katibu, mtunza muda na ajenda iliyobandikwa siku moja kabla. Ajenda iwe na mambo ambayo uamuzi wa wanafunzi utatekelezwa kweli, kama mpangilio wa zamu za usafi, matumizi ya vitabu vichache vilivyopo au tarehe ya kuwasilisha mradi. Wakijua kwamba mwalimu ameshaamua, kikao kinageuka mchezo wa kuigiza.

Kumbukumbu za kikao ziwe fupi: kilichoamuliwa, nani atafanya, lini. Kikao kinachofuata huanza kwa kusoma safu hiyo ya majina na kuuliza kila mmoja amefikia wapi. Swali hilo moja, likiulizwa kwa upole na bila kukosa, limebadilisha tabia za wanafunzi wangu kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa kuhusu uwajibikaji.

Nafasi zizunguke. Katibu asiwe daima msichana mwenye mwandiko mzuri, wala mwenyekiti asiwe daima mvulana mwenye sauti kubwa. Tukiacha hali hiyo iendelee, tunakuwa tumefundisha jambo ambalo halimo kwenye andalio letu. Anayeachia nafasi humwandikia anayeingia maelezo ya makabidhiano yasiyozidi nusu ukurasa: kilicho tayari, kilichobaki, na mahali vitu vilipo.

Hatua ya saba: pima kitendo, usipime tabia

Usimpe mwanafunzi alama 6 kati ya 10 za “uaminifu” au “uongozi.” Alama ya namna hiyo haimwambii afanye nini, na inaweza kumwandama mtoto ambaye nyumbani kwao mambo yamevurugika muhula huo. Andika ulichokiona: “Ametoa taarifa siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, lakini hakupendekeza njia mbadala.” Sentensi hiyo ina sifa, upungufu na hatua inayofuata, na imeandikwa kwa sekunde ishirini. Kwa darasa kubwa, chagua wanafunzi sita wa kutazamwa kila wiki. Kabla muhula haujaisha utakuwa umewafikia wengi wao zaidi ya mara moja. Mwanafunzi naye ajiandikie, na pale maelezo yenu yanapotofautiana ndipo penye mazungumzo ya kufaa.

Jambo lililofundishwa mara moja husahaulika haraka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilionyesha hilo mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana. Panga marudio tangu mwanzo. Kitendo cha wiki ya kwanza kirudi wiki ya tatu ndani ya somo jingine na wiki ya nane bila kutangazwa. Mwalimu mmoja akifundisha simu na mwingine wa somo tofauti akaidai mwezi unaofuata, mwanafunzi huacha kuiona kama mada ya kipindi fulani. Hilo linahitaji walimu wakubaliane juu ya vitendo vilevile vinne au vitano, na mazungumzo hayo ya chumba cha walimu huwa magumu kuliko somo lenyewe.

Hatua ya nane: watoke nje wakiwa wamejiandaa, na wakijua haki zao

Kabla ya mwanafunzi kwenda kujifunza kazi kwa wiki moja au mbili, soma sheria za nchi yako kuhusu umri. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa kwa ujumla, ingawa umetoa nafasi ya kuanza na miaka 14 kwa nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha. Kwa kazi zinazoweza kuhatarisha afya, usalama au maadili, umri ni miaka 18. Shule na mahali pa kazi vikubaliane kwa maandishi: mwanafunzi atafanya nini, hatagusa nini, nani anamsimamia, saa ngapi anaanza na kumaliza, na apige simu kwa nani jambo likiharibika.

Stadi za kazi zinazofundisha utii pekee zimefundishwa nusu. Mwanafunzi ajue kwamba anaweza kukataa kutumia mashine ambayo hajaonyeshwa namna ya kuitumia, na kwamba kuguswa au kutishwa si sehemu ya kuzoea kazi. Mkataba Na. 190 wa shirika hilohilo, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja wazi walio katika mafunzo na hata wanaoomba kazi, si walioajiriwa peke yao. Fanyeni igizo la kutoa taarifa ya jambo la aina hiyo kwa mwalimu kabla ya safari, wakiwa wote watulivu, kwa sababu maneno ya namna hiyo ni magumu kuyapata mara ya kwanza mtu akiwa na hofu.

Kila mwanafunzi aondoke na daftari dogo na swali moja la kujibu kila jioni: leo nilipewa maelekezo gani ambayo sikuyaelewa, na nilifanya nini? Wakirudi, kaeni kwa duara na kila mmoja asome jibu moja tu. Mwaka fulani mwanafunzi wangu mmoja, mkimya sana, alisoma kwamba siku ya pili aliambiwa “panga hizi kwa tarehe,” hakujua ni tarehe ya kuingia au ya kuisha muda, akaanza kubahatisha, kisha akasimama, akamfuata msimamizi na kuuliza. Nilimwomba atuonyeshe alivyouliza, naye akayarudia maneno yake mbele ya wenzake, kuanzia na salamu.